Usiweke rehani furaha ya nyumba yako



Ukipita mnadani huku kwetu Simiyu, utamkuta mama ameinama juu ya rundo la mitumba lililomwagwa kwenye turubai. Hana haraka. Anachambua. Anashika sweta ya mtoto, anaigeuza ndani nje, anatazama mishono, anahesabu vifungo, anavuta kola kuona kama imelegea. Halafu anainyanyua kwenye mwanga na uso wake unabadilika. Amepata. Kwa bahati mbaya, muuzaji aliyekuwa akimwita "mayu, karibu, chagua" naye ameuona uso huo, na bei imepanda palepale.

Dominika hii nataka tuitafakari furaha ya mama huyo. Sisi wahubiri tumezoea kuzungumzia mateso ya maskini, na tunafanya vema. Ila mara nyingi tunasahau kwamba maskini naye ana raha zake, na raha hizo nazo zina Mungu ndani yake. Shuka la maua la mtumba linalotandikwa Jumamosi jioni. Kabati la zamani lililopigwa msasa na kupakwa vanishi likawa kama jipya. Michembe iliyochemshwa na karanga, inayoliwa taratibu huku watu wakizungumza. Keki iliyookwa kwenye sufuria yenye mchanga, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko, watoto wakizunguka jiko na kuuliza kila dakika kama imeiva.

Raha hizi ni zawadi ya Mungu. Mhubiri, ambaye wengi wanamdhania kuwa mtu wa huzuni tu, anafundisha katika sura ya 3 ya kitabu chake kwamba chakula, kinywaji na kufurahia jasho lako vinatoka mkononi mwa Mungu. Bwana wetu mwenyewe aliishi karibu miaka 30 nyumbani Nazareti, nyumba ya fundi seremala, kabla ya kuhubiri kwa muda wa miaka kama mitatu. Kama maisha ya nyumbani yangekuwa jambo dogo, Mwana wa Mungu asingeyapa sehemu kubwa namna hiyo ya maisha yake hapa duniani.

Ninaandika haya kwa sababu furaha hiyo inanyang'anywa. Katika nyumba nyingi za Bariadi, Maswa na Lamadi furaha ya nyumbani imewekwa rehani, na sababu mojawapo ni aibu. Aibu ya kuonekana na kitu kilichotumika. Aibu ya kualika watu na kuwaandalia chai na maandazi tu. Nasikitika kusema kwamba sehemu ya aibu hiyo inalelewa kanisani.

Tuanze na nguo yenyewe. Mtumba maana yake ni mzigo uliofungwa, na nguo zilipata jina hilo kwa sababu hufika zikiwa zimebanwa kwenye belo. Zamani zilikuwa na jina la kutisha zaidi, "kafa Ulaya", eti mwenyewe amekufa huko ndipo nguo zake zikaletwa. Wenye umri wangu tulikuwa watoto katika miaka iliyofuata vita ya Kagera ya 1978 na 1979. Tunakumbuka foleni za sabuni na za kitambaa, na kaptura iliyovaliwa na ndugu watatu mmoja baada ya mwingine hadi ikawa na viraka vingi kuliko kitambaa chake cha awali. Mitumba iliporuhusiwa kuingia kwa wingi katikati ya miaka ya 1980, watu wengi walivaa vizuri kwa mara ya kwanza. Tuliokuwepo hatuwezi kuidharau.

Lakini mkazi wa Simiyu ana jambo jingine la kufikiri anaposhika shati la mtumba. Mkoa wetu, uliozaliwa mwaka 2012, ndio unaoongoza kwa kilimo cha pamba nchini. Mkulima wa Itilima au Meatu hupanda mvua za Novemba zinapoanza, hupalilia, hupulizia dawa, huvuna, hupeleka AMCOS na kusubiri bei. Kiwandani, kila kilo 3 za pamba mbegu hutoa takriban kilo 1 ya pamba nyuzi. Mbegu hukamuliwa mafuta, mashudu wakala ng'ombe. Sehemu kubwa ya pamba nyuzi hiyo husafirishwa nje ya nchi. Huko husokotwa, hufumwa, hushonwa, huvaliwa, watu huichoka, na mwisho hufungwa kwenye belo. Si ajabu mama yule wa mnadani akawa ananunua kwa mara ya pili jasho la mume wake.

Hapo pana suala la haki, na sitaki kulificha chini ya shuka la maua. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuziondoa nguo za mitumba sokoni hatua kwa hatua hadi 2019. Wafanyabiashara wa nguo hizo nchini Marekani walilalamika, serikali yao ikatishia kutuondolea nafuu ya AGOA, na Kenya, Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo. Rwanda ilishikilia uamuzi wake, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuingiza nguo zake Marekani bila ushuru. Wapo wanaosema kila anayenunua mtumba anakizika kiwanda cha nguo cha Tanzania. Wanaokumbuka vitambaa vya Mwatex ya Mwanza na Urafiki ya Dar es Salaam wana haki ya kuuliza. Tuwaombee na tuwadai viongozi wetu wahakikishe pamba ya Simiyu inasokotwa na kushonwa karibu na shamba lilikoota. Hata hivyo, mzigo wa sera za biashara za dunia usiwekwe begani mwa mjane mwenye shilingi 3,000 na watoto wanne. Yeye anatafuta sweta.

Sasa tuyasikilize Maandiko. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 2, Hana alimshonea mwanawe kanzu ndogo kila mwaka na kumpelekea hekaluni. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, Dorkasi alipofariki pale Yafa, wajane walimwonesha Petro nguo alizowashonea huku wakilia. Hakuna aliyetaja mali zake. Zile nguo ndizo zilizotoa ushuhuda. Na Mtakatifu Martin wa Tours, katika karne ya 4, alipokuwa bado askari, alilikata vazi lake akampa nusu maskini aliyekuwa akitetemeka kwa baridi kwenye lango la mji wa Amiens. Nusu iliyobaki ikaheshimiwa kwa vizazi vingi. Kwa Kilatini iliitwa cappella, yaani kijoho, na kutoka hapo ndipo tulipopata neno kapela. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kila unapoingia kwenye kapela kusali, umeingia mahali palipopewa jina la nguo iliyotumika, tena iliyokatwa nusu.

Mtume Yakobo, sura ya 2, anatuweka kwenye kona ngumu zaidi. Anaeleza juu ya watu wawili wanaoingia katika kusanyiko, mmoja na pete ya dhahabu na mavazi ya kung'aa, mwingine na nguo chakavu, na jinsi waamini wanavyomkalisha wa kwanza mahali pazuri na kumwambia wa pili asimame pembeni. Yakobo anawauliza kama hawajageuka kuwa mahakimu wenye mawazo mabaya. Maneno hayo yaliandikwa kwa Wakristo, na ndani ya Kanisa ndimo yanamopaswa kusomwa kwa sauti.

Tazama inavyokuwa inapokaribia Komunyo ya Kwanza au Kipaimara. Kamati inakutana. Inaamuliwa kwamba wasichana wote watavaa gauni jipya la aina moja, litakaloshonwa kwa fundi mmoja, na wavulana suruali mpya na viatu vyeusi vipya. Wazazi wapate na sare ya kitenge. Kisha kuna keki ya kuagiza, mpiga picha, viti vya kukodi na pilau ya watu hamsini. Hakuna aliyemlazimisha mtu kwa maneno, lakini tangazo limesomwa mbele ya wote na tarehe ya mwisho imetajwa. Mama mwenye watoto wawili katika darasa moja anarudi nyumbani akipiga hesabu njia nzima. Pamba bado iko shambani. Jumatatu asubuhi anakwenda kwa mkopeshaji.

Mikopo hiyo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu, na mtu hawezi kuieleza vizuri zaidi. Chukua mfano huu. Mtu anakopa shilingi 200,000 na kutakiwa kurudisha 260,000 ndani ya mwezi mmoja, kidogo kidogo kila siku au kila wiki. Marejesho yanaanza hata kabla ya sherehe kufanyika. Akikosa wiki moja, faini. Akikosa mbili, wanafika nyumbani. Wanatoa redio, wanatoa godoro, wanatoa masufuria, wanatoa cherehani. Kabati lile lililopakwa vanishi linabebwa mchana kweupe, majirani wakitazama. Mume aliyekuwa hajui lolote anarudi na kukuta chumba kitupu. Nimewasikiliza wanandoa wa namna hiyo kwa miaka mingi. Mara nyingi deni lenyewe huwa dogo kuliko jeraha lililoachwa na uongo uliotumika kulificha.

Torati ililiona jambo hili zamani sana. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinaamuru kwamba ukichukua vazi la maskini kuwa rehani, ulirudishe kabla jua halijatua, kwa kuwa hana kingine cha kujifunika usiku. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu ni kuchukua uhai wa mtu. Sura hiyohiyo inamzuia mkopeshaji asiingie ndani ya nyumba ya mdaiwa. Asimame nje, mdaiwa mwenyewe ndiye amletee. Na nguo ya mjane isiguswe kabisa. Jiwe la kusagia la leo ni jiko, cherehani na sufuria la maandazi. Mungu aliweka mpaka mlangoni pa maskini, na anayeuvuka mpaka huo ajue amesimama mbele ya nani.

Serikali nayo ina sheria. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni na afuate masharti. Kabla hujaweka sahihi au dole gumba, omba kuona leseni, na omba mtu anayejua kusoma akusomee mkataba wote. Lakini ulinzi mkubwa zaidi ni kutokuhitaji mkopo huo tangu mwanzo, na hapo ndipo parokia zetu zinapohusika.

Kuna watakaonijibu, "Padri, Mungu anastahili kilicho bora." Ni kweli. Basi tutazame Kanisa lenyewe linadai nini. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, Kanuni ya 913, zinataka watoto wanaopokea Ekaristi kwa mara ya kwanza wawe na ufahamu wa kutosha na maandalizi mema, ili watambue fumbo la Kristo kwa kadiri ya uwezo wao na kuupokea Mwili wa Bwana kwa imani na ibada. Kanuni ya 889, kuhusu Kipaimara, inataka mtu mwenye akili timamu awe amefundishwa vema, awe na nia njema na aweze kurudia ahadi za ubatizo. Nimetafuta neno gauni humo, silioni. Vazi jeupe linatukumbusha ubatizo, ambamo mtoto wa mkurugenzi na mtoto wa mchunga ng'ombe hufanywa sawa. Tukiligeuza kuwa kipimo cha nani ana fedha, tumeligeuza liseme kinyume chake. Gauni jeupe la mwaka jana, lililofuliwa na kupigwa pasi, bado ni jeupe.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu, na nawaomba viongozi wa parokia wayajadili bila kukasirika.

La kwanza, kila parokia iwe na sanduku la mavazi ya sakramenti. Familia ikimaliza sherehe, irudishe gauni au suruali ikiwa safi, na mwaka unaofuata mtoto mwingine aivae. WAWATA wanaweza kulisimamia sanduku hilo vizuri kuliko kamati yoyote. Ili pasiwe na kunyoosheana vidole, watoto wote wavae kutoka sandukuni, pamoja na wa matajiri. Mtoto atakayevaa gauni lililokwisha kuvaliwa na wasichana kumi kabla yake atakuwa amevaa historia ya parokia yake.

La pili, sherehe zirudi kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo. Badala ya kila nyumba kuagiza keki yake, akina mama wa jumuiya waoke pamoja. Mmoja analeta unga, mwingine mayai, mwingine sukari, mwingine mkaa. Bwana alipotafuta mfano wa Ufalme wa Mungu, hakwenda ikulu. Alimtazama mwanamke akichanganya chachu na pishi tatu za unga, kipimo kinachokaribia lita 40. Unga huo haukuwa wa familia moja. Mwanamke yule alikuwa akiwapikia watu wengi. Na baada ya ufufuko, Yohane anatuambia katika sura ya 21, wanafunzi walipofika ufukweni walimkuta Bwana amewasha moto wa makaa, juu yake samaki na mkate. Aliyeshinda mauti alikuwa amewaandalia rafiki zake kifungua kinywa kwenye moto wa mkaa, na Yohane hakutaja meza wala kitambaa.

La tatu, matangazo ya sare za lazima yakome. Anayetaka kitenge kipya na uwezo anao, ashone na avae kwa furaha, wala asihukumiwe. Anayekuja na kitenge chake cha Pasaka ya miaka mitatu iliyopita, apewe kiti mbele kama mwingine. Fedha ambazo zingekwenda kwenye sare ziingie kwenye mfuko wa jumuiya au kwenye hisa za VICOBA, ili mtoto akiugua usiku mama awe na pa kugonga mlango.

Neno kidogo pia kwa wapenzi wa mitumba, kwa maana hata raha hii ina mitego yake. Urahisi wa bei unaweza kutufanya walafi. Mtu ana mashati thelathini na bado kila siku ya mnada yuko kwenye rundo. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kukitumia tena kitu badala ya kukitupa, kama nia ni njema, kunaweza kuwa tendo la upendo. Nia ndiyo inayopima. Ukinunua cha pili, toa cha kwanza. Na unapotoa, toa nguo ambayo wewe mwenyewe ungeweza kuivaa kesho kwenda sokoni. Kumpelekea maskini kilichochanika na kunuka ni kumfanya jalala. Nanyi wauzaji, msifiche doa kwa kukunja nguo kijanja. Wagibeoni katika kitabu cha Yoshua, sura ya 9, walitumia nguo kuukuu, viatu vyenye viraka na mkate ulioota ukungu kuwadanganya Waisraeli. Walipata walichokitaka, lakini uongo wao uligundulika baada ya siku tatu tu.

Tena, nyumba yenye raha iwe na mlango unaofunguka. Harufu ya keki haijui ukuta, inafika kwa jirani. Kama kuna mtoto amesimama nje anameza mate, keki hiyo ina deni. Kipande chembamba chatosha. Mjane wa Sarepta alikuwa na konzi ya unga na mafuta kidogo tu chupani, akamwandalia kwanza mgeni, na unga haukuisha hadi mvua ziliponyesha.

Basi, ndugu msomaji, wiki hii fanya jambo moja. Fungua sanduku au kabati lako, toa nguo moja nzuri isiyovaliwa, ifue, ipige pasi, na umpelekee mtu kwa mikono yako mwenyewe, bila picha na bila tangazo. Kama unadaiwa na mwenzi wako hajui, usilale leo kabla hujamwambia. Chai ya mtumishi wa Mungu mwaminifu, hata ikiwa kwenye kikombe kisicho na mkono, ni tamu kuliko pilau ya mkopo.

Mungu abariki nyumba yako, jiko lako na mlango wako. Nakutakia Dominika njema.